Mluzi na Mwamba

Somo: Ayubu 39:26–30

Ayubu alitaka kesi yake isikizwe. Alitaka aambiwe kosa lake ni lipi, na nani shahidi. Mungu alipomjibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hakugusia majipu, wala watoto waliokufa, wala ngamia walioporwa. Alimtembeza porini. Akamwonyesha simba, kunguru, mbuzi wa majabalini, punda-mwitu, nyati, mbuni. Alipokaribia kumaliza duru ya kwanza ya maswali, akamwinua macho amwone mwewe na tai. Swali ni lile lile kwa pande mbili: je, ni akili yako inayomrusha mwewe? Je, ni wewe uliyemwagiza tai apande juu na kufanya makao yake mwambani? Ayubu, aliyekuwa na maneno mengi, akaweka mkono kinywani.

Lakini nenda Ziwa Naivasha asubuhi ya Jumamosi, utadhani sisi tumepata jibu alilolikosa Ayubu.

Vijana wa kanisa letu walikwenda huko kupiga picha za ndege mbuai, nami nikaandamana nao. Nahodha wa boti alikuwa na ndoo ndogo ya samaki waliokwisha kufa, aliowanunua kwa wavuvi. Akatwaa mmoja, akakata kipande cha tete kavu la mafunjo, akamshindilia kinywani ili asizame. Akazima injini. Kwa kidevu akatuonyesha mgunga uliokauka, mmoja wa ile iliyobaki imesimama majini tangu ziwa lilipofurika. Juu yake alikuwa furukombe: kichwa cheupe, kifua cheupe, tumbo la hudhurungi.

“Pasta, shika kamera vizuri. Jua liko mgongoni kwako. Nikipiga mluzi haachi kuja.”

Akapiga mluzi, akarusha samaki. Furukombe akainama, akaliachia tawi, akateremka moja kwa moja. Alipoyakaribia maji alinyoosha miguu mbele, akamchota samaki bila kulowa kifua. Kamera zikatatarika. Kijana aliyeketi mbele yangu akatazama kioo cha kamera yake, akageuka akicheka: “Pasta, nimempata hadi jicho!”

Sina neno na nahodha yule. Ana watoto wa kusomesha, na mvuvi aliyemuuzia samaki ana wa kwake. Picha nayo ni nzuri. Ila inasimulia uwindaji ambao haukuwapo, maana samaki yule alikufa kabla sisi hatujapanda boti. Wala furukombe hakutii mluzi. Alitii njaa yake. Akishiba, nahodha atapiga mluzi hadi midomo imkauke, na ndege atabaki tawini akijichambua manyoya. Amri yetu juu yake inakoma pale ndoo inapokuwa tupu.

Wapendwa, iko dini ya mluzi, na sisi wachungaji ndio tunaoiuza. Tumeyaona mabango barabarani yanayotaja siku na saa ya muujiza. Tumesikia kwamba ukipanda mbegu ya kiasi fulani, utavuna kabla ya mwezi kwisha. Kwamba ukifunga siku kadhaa, kazi itapatikana. Kufunga ni kwema na sadaka ni njema, lakini vikigeuzwa kuwa samaki wa kumrushia Mungu ili ashuke pale tulipoelekeza kamera, tumemsahau tunayeshughulika naye. Na mzigo wa dini hiyo humwangukia aliye dhaifu. Mama aliyeuguliwa na mtoto, akatoa alichokuwa nacho, na mtoto asipone, huambiwa kwamba imani yake ilipungua. Rafiki zake Ayubu walisema vivyo hivyo, na Mungu akawakasirikia.

Kutoka ziwani, ni mwendo mfupi tu kwenda kusini hadi Hell's Gate, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1984. Mgeni huruhusiwa kuingia humo kwa miguu au kwa baiskeli, akapita kati ya kuta za mwamba mwekundu. Huko hakuna ndoo. Yuko tai mweusi anayewinda pimbi, na yuko tumbusi wa Rüppell. Utamjua anapolala tumbusi kwa kinyesi cheupe kilichotiririka jabalini miaka nenda miaka rudi.

Tulifika mapema. Kijana mmoja akafunga lenzi kwenye tripodi, akaweka kasi ya shata 1/2000, akasimama tayari. Tumbusi walikuwa wamekaa kwenye kingo za mwamba, shingo zimezama mabegani, na hakuna aliyejisumbua. Nusu saa ikapita, kisha nyingine. Yule kijana akauliza, “Pasta, hawa wanangoja nini?”

Wanangoja jua lipashe mwamba. Tumbusi ni mzito, na kupiga mabawa kutwa nzima kungemmaliza nguvu. Kwa hiyo hukaa mpaka jiwe lipate moto na hewa ianze kupanda. Ndipo hufungua mabawa na kuacha hewa imbebe. Msidhani ni mvivu. Mwaka 1973 tumbusi wa jamii hii aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, nchini Kodivaa, katika kimo cha zaidi ya mita 11,000. Mwenye uwezo wa kufika huko ndiye huyu anayekaa kingoni kila asubuhi hadi atakapopewa hewa asiyoweza kujitengenezea.

Tunaipenda Isaya 40:31. Tumeichapisha kwenye kalenda, fulana na vioo vya matatu. Twaikumbuka kwa sababu ya mabawa ya tai, lakini ahadi ile wamepewa wanaomngojea Bwana. Huko Hell's Gate niliona kwamba kungoja kwenyewe ni sehemu ya kuruka.

Tumbusi wa kwanza alipojiandaa, mpiga picha mzoefu angemtambua. Ndege mkubwa akitaka kuondoka, mara nyingi huinama mbele na kuachia kinyesi ili apunguze uzito. Dalili hiyo haina utukufu wowote, lakini asiyeijua atabaki na picha ya mwamba mtupu. Kisha likaja jambo lililowakera vijana: hewa ilipopata moto, picha zikaanza kutetemeka. Kila kilichokuwa mbali kilicheza kwenye lenzi, hata iliyo ya bei ghali. Joto lililompandisha tumbusi ndilo lililoharibu picha. Saa iliyo njema kwake ilikuwa mbaya kwetu. Ni vizuri mtu akutane na jambo kama hilo mara moja moja, akumbuke kwamba ulimwengu haukupangwa kufuata kamera yake.

Vijana wakataka kusogea, wapande hadi karibu na kiota cha tai. Hapo askari wa hifadhi akawa mhubiri kuliko mimi: “Akiacha anachofanya na kuanza kukutazama wewe, umeshamkaribia mno. Rudi nyuma.” Mzazi akitishwa akaondoka kiotani, yai hupoa au kinda huachwa juani. Picha inayopatikana kwa njia hiyo ina gharama, na mlipaji si mpiga picha.

Leslie Brown, aliyekuwa ofisa wa kilimo Kenya enzi za ukoloni na aliyefariki mwaka 1980, alianza kuwatazama tai wa kilima kimoja huko Embu mwishoni mwa miaka ya 1940, akawafuatilia kwa miaka mingi. Ni kwa utazamaji mrefu wa aina hiyo watu walijua kwamba tai mkubwa wa msituni mwenye kishungi, yule anayekamata kima, kwa kawaida hulea mara moja katika miaka miwili, kwa sababu kinda huendelea kulishwa kwa miezi mingi baada ya kuondoka kiotani. Hilo hulijui kwa safari ya Jumamosi moja. Unalijua kwa kurudi, kukaa mbali, na kukubali kwamba mara nyingi hutaonyeshwa kitu.

Sasa tusome mpaka mwisho wa somo letu, maana hapo wengi hufunga kitabu. Aya ya 30 inataja damu. Makinda ya tai huinywa, na palipo na waliouawa, yeye yupo. Sijaona kalenda yenye aya hiyo. Sisi tungechagua mabawa na kuacha mzoga. Mungu hakuona haya kumtaja ndege huyu pamoja na mlo wake, na hakumwambia Ayubu ana faida gani kwa binadamu. Alimtaja kwa sababu ni wake.

Sisi tusipoweza kukiamrisha kiumbe, mara nyingi tunataka kisiwepo. Simba akiua ng'ombe, mfugaji mwenye uchungu hunyunyizia mzoga dawa ya wadudu wa shambani. Simba hula akafa. Baada yake hushuka tumbusi makumi kwa makumi, wao ambao hawakuua ng'ombe wa mtu, wakafa wakiwa wamezunguka nyama. Kwa sababu ya sumu na mateso mengine, mwaka 2015 IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi, ilimweka tumbusi wa Rüppell kati ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Simlaumu mfugaji nikiwa nimeshiba mjini. Ng'ombe wake ni karo na ni mahari. Lakini kanisa lililo jirani naye lina kazi ya kufanya: kumsaidia kuimarisha boma, na kumwambia wazi kwamba sumu haiulizi nani mwenye kosa.

Tazama pia anakokwenda mwewe wa Ayubu. Somo linasema anatandaza mabawa kuelekea kusini. Hadi leo, kati ya Septemba na Novemba, vipanga na tai wa kaskazini hupita kwa maelfu juu ya nchi za Biblia wakija Afrika, na baadhi yao hushuka katika Bonde la Ufa, juu ya mashamba yetu ya mahindi. Kusini huko ni kwetu. Hakuna aliyewapigia mluzi, wala kanisa halikukesha ili waje. Walikuja kabla hatujazaliwa, nasi mara nyingi tuko shambani tumeinamisha vichwa, hatuwaoni.

Wiki hii nawaombeni mambo mawili. Chukua ombi moja ambalo umekuwa ukilifungia masharti, uliombe bila kumwekea Mungu siku wala saa, na bila kumtajia ulichotoa. Kisha mtembelee mtu ambaye mluzi wake haukujibiwa: aliyefiwa, aliyenyimwa kazi tena, anayeuguza. Usimpelekee maelezo. Rafiki zake Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kueleza.

Tuombe. Bwana, uliyempa tai makao juu ya mwamba bila kutuuliza, utusamehe tulipokupigia mluzi. Uwalinde wafugaji na mifugo yao, uwalinde na ndege wako dhidi ya sumu yetu. Wanaongoja muda mrefu uwape watu wa kungoja pamoja nao, na sisi tuwe wa kwanza kwenda. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.