Barua ya Baba Mdogo

Katika miaka 29 ya uchungaji hapa Tanga nimetangaza ndoa nyingi, na barua za pingamizi nimeletewa mbili tu. Ya kwanza ilisema bwana harusi ana mke Korogwe, na kweli alikuwa naye. Ya pili aliiandika baba mdogo wa kijana, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, wino umekolea pale alipokandamiza kalamu: binti ni Mhindi, na Mungu aliyetenga rangi za watu hakukosea.

Kisheria halikuwa jambo gumu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai taarifa ya siku 21 ili mwenye kujua kizuizi ajitokeze: ndoa nyingine, udugu wa karibu, umri. Rangi haimo. Kilichoninyima usingizi ni kwamba mzee yule alimtaja Mungu.

Nikamkumbuka Mildred Loving. Julai 1958, kijijini Central Point, jimbo la Virginia, Marekani, polisi waliingia chumbani usiku wa manane wakawamulika tochi yeye na mumewe Richard, fundi mwashi, mzungu. Mildred alikuwa na asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa kwanza wa nchi ile. Walikuwa wamefunga ndoa Washington wiki chache tu nyuma, na cheti kilikuwa kimetundikwa ukutani. Wakaambiwa hapo hakina nguvu. Hukumu: kifungo cha mwaka mmoja, au wahame jimbo na wasirudi pamoja kwa miaka 25.

Mwaka 1965 Jaji Leon Bazile alikataa kuifuta hukumu hiyo, akiandika kwamba Mungu aliweka kila rangi bara lake, kwa hiyo hakukusudia zichanganyike. Ni barua ya baba mdogo ileile, ila hii ilikuwa na muhuri wa mahakama.

Wenye hoja hii hukimbilia Matendo 17, Paulo anapowaambia Waathene kwamba Mungu aliwawekea mataifa mipaka. Huruka maneno yaliyotangulia, kwamba mataifa yote yametoka kwa mmoja, na hawafiki mstari unaofuata, unaosema mipaka ni ya nini: watu wamtafute Mungu. Na Hesabu 12 hawaigusi kabisa. Miriamu alimsema Musa kwa kuoa mwanamke Mkushi. Aliyepigwa ukoma ni Miriamu, si yule mke.

Wapo wachungaji wenzangu wanaosema tuiache mioyo ibadilike yenyewe, sheria isiingilie. Siwezi kukubali. Mioyo huchelewa, na maisha ya mume na mke ni mafupi. Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote 9 kwa kauli moja, iliwapa akina Loving haki yao tarehe 12 Juni 1967. Richard alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1975. Miaka minane tu ya kulala kwao bila kuhofia tochi! Nani angewarudishia ile tisa iliyotangulia?

Nilikwenda kwa mzee na Biblia yangu. Tulisoma, tukanywa chai, hakubadili neno. Jumapili ya tatu nikayasoma tena majina yale mawili, polepole, kisha nikauliza kama kuna mwenye pingamizi. Alikuwa benchi la nne, kofia mapajani, macho sakafuni. Nikangoja. Hakusimama.