Diski Kuukuu na Siri za Mwenyewe

Kompyuta ikifa, diski yake yaweza kuwa hai bado. Katika Chilangala, wilayani Newala, kama kwingineko, diski hiyo ikitiwa katika kasha lenye waya wa USB hugeuka ghala: picha za arusi na hesabu za korosho hupata nakala ya pili. (Ya pili, si ya pekee, diski kuukuu hufa bila ya kuaga.)

Lakini mnunuzi amenunua nini? Kufuta faili kwa desturi huondoa anwani yake tu; maandishi hubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake. Chuma ni mali ya mnunuzi. Barua za mwenyewe wa kwanza hazikuuzwa. Husemwa kuwa aliyetupa ameachilia. Hoja hii ni dhaifu, kwani mtu hawezi kuachilia kitu asichojua kuwa kipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yalinda habari za watu, lakini haina jicho katika chumba cha mtu usiku.

Katika uwanda wa Wamakonde, penye shida ya maji, pipa la mkononi huoshwa kabla ya kukinga mvua. Diski nayo yataka kuandikwa upya yote, kazi ya saa kadhaa, pasipo kuchungulia.