Mamlaka ya Mwenye Kukataa

Kila uchaguzi unapokaribia nchini Kenya, vijana huitwa ukumbini, wakapewa fulana zenye maandishi ya amani na kuombwa wasikubali kutumiwa. Ombi lenyewe si baya. Lakini linamtazama kijana kama hatari ya kutulizwa. Asiyetarajiwa lolote ila utulivu atapata wapi nafasi ya kupatanisha?

Mamlaka ya kupatanisha hutoka wapi hasa? Kwa mila zetu, hutoka kwenye umri. Mzee husikizwa kwa kuwa ameona mengi, na hudhaniwa hana tena la kugombania. Hoja hiyo ni nzito, siidharau hata kidogo. Ila katika vita vya koo au vya siasa, mzee naye ana lake: kiti, malisho, jina la ukoo. Anayetumwa kushika panga ni mwanawe, na hapo ndipo ninapoona mamlaka mengine yasiyongoja mvi. Vita haviendi bila mikono ya kijana. Akikataa, waliopanga wamekwama.

Kukataa peke yake hakutoshi, na Wajir inaonyesha kwa nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Wasomali huko kaskazini mashariki mwa Kenya zilikuwa zikiuana. Uhasama ukaingia hadi sokoni, mwanamke wa ukoo huu akawa hauziani na wa ukoo ule. Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa mwaka 1964, na wanawake wenzake walianzia hapo hapo sokoni: wakakubaliana kwamba kila mama, wa ukoo wowote, auze na anunue, kisha wakaweka watu wa kuangalia kama neno hilo linashikwa. Ndipo wakawaendea wazee, na aliyesema kwa niaba ya wanawake hao alikuwa mzee wa ukoo mdogo, usiotishia yeyote. Wazee walikaa, na mwaka 1993 wakatoa azimio la amani, Azimio la Al Fatah. Vijana nao wakaingizwa katika kazi ya kuzungumza na wenzao. Dekha alikuwa bado hajafikisha miaka thelathini.

Hakuwapokonya wazee nafasi yao. Aliwafanya waitumie, na nadhani huo ndio uongozi wenyewe.

Tarehe 9 Desemba 2015, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2250, likizitaka nchi ziwape vijana sauti zaidi katika maamuzi ya amani. Vizuri. Lakini huku mtaani kamati ya amani ikikutana saa nne asubuhi, siku ya kazi, dereva wa bodaboda atafikaje? Mkutano na usogezwe jioni, aongoze kikao yeye mwenyewe, na ardhi au ajira inayowakera wenzake iwe ajenda ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kuwaambia watulie.