Mtama na Kuku Wengi

Wale mnaoishi Washington na vitongoji vyake huenda mmepita mara nyingi mtaa wa 16 bila kuligeuzia macho jengo la jumuiya ya Wayahudi. Ndani yake mna ukumbi wa kampuni ya maigizo iitwayo Theater J, iliyoanzishwa mwaka 1990. Kazi yake ni tamthilia zinazohusu Wayahudi: dini yao, familia zao, kuhamahama kwao, hata vichekesho vyao. Watazamaji si Wayahudi peke yao, na hapo ndipo linapozuka swali: je, jamii ya watu wachache iliyo ugenini ianike aibu zake mbele ya majirani?

Mwaka 2014 kampuni hiyo ilipanga kuonyesha The Admission ya Motti Lerner, mwandishi wa Israeli. Inahusu tuhuma kwamba wanajeshi wa Israeli waliua wanakijiji wa Kipalestina katika vita vya 1948, na kijana anayemdai baba yake ukweli. Kikundi cha wapinzani kikawataka wafadhili wa jumuiya wazuie michango yao. Onyesho likapunguzwa, likawa la majaribio tu. Desemba mwaka huohuo mkurugenzi wa sanaa, Ari Roth, aliyeshika kazi hiyo tangu 1997, akaachishwa. Uongozi ulisema amekiuka taratibu za kazi. Yeye akasema sababu ni tamthilia zake. Wakurugenzi zaidi ya 60 wa majumba ya maigizo ya Marekani walitia saini barua ya kumtetea, naye akaenda kuanzisha kampuni nyingine.

Wale wapinzani hatuwadharau. Watu waliopoteza ndugu milioni sita Ulaya wana sababu ya kuogopa kumpa adui fimbo. Wazee wetu nao walituonya tusimwage mtama penye kuku wengi. Na mtoa fedha ana neno lake, kwani bila yeye taa za ukumbi haziwaki. Lakini aliyelipia jukwaa amelipia jukwaa. Hajanunua maneno yatakayosemwa juu yake.

Wazee haohao walisema mficha uchi hazai. Sisi tuliosomea uhandisi tumezoea kuufikiria ufa. Ufa hauzibwi kwa kupakwa rangi. Huchimbwa kwanza kwa patasi, ukapanuka, vumbi likatoka, ndipo saruji ishike. Apitaye wakati huo ataona ukuta mbaya kuliko ulivyokuwa jana. (Anayelalamika zaidi huwa ni mwenye nyumba, na ndiye aliyetuita!)

Kinachotushughulisha hasa ni kwamba tamthilia yenyewe iliandikwa na mwana wa nyumbani. Huko Israeli wanahistoria wamekuwa wakibishana hadharani juu ya 1948 tangu miaka ya 1980. Iweje jambo linalobishaniwa nyumbani lisisemeke ugenini? Tunadhani ni kwa sababu aliye mbali nyumbani kwake ni picha ukutani, sebuleni. Anaipangusa kila siku, na hapendi mtu aishushe aone nyuma yake mna nini.

Nasi tunazo picha zetu, Muscat, London na kwingineko. Mikusanyiko yetu ni ya Idi, arusi na taarab, na ni mizuri. Januari 1964 tunaizungumza pia, ila kila mtu sebuleni kwake. Katika sebule moja damu ya majirani inahesabiwa tone kwa tone, na soko la watumwa la Mkunazini halitajwi. Katika sebule ya pili soko linakumbukwa vizuri sana, lakini damu ya majirani inaitwa siasa. Watoto wetu wamo chumba cha pili, masikio wazi, kila mmoja akikua na nusu yake.

Siku moja kijana wa kwetu ataandika tamthilia yenye nusu zote mbili, aje kwa kamati kuomba ukumbi. Kabla hajaulizwa aliyoandika ni kweli au si kweli, tunadhani ataulizwa kama kuna Wazungu walioalikwa.