Bado Unaye Mmoja

Kuna neno tunalolisema kwa nia njema katika nyumba yenye ugonjwa, nami naona yafaa tulipime. Mama akiwa na watoto pacha, na mmoja wao akiwa mahututi, tunamshika mkono na kumwambia, "Usikate tamaa mwanangu, bado unaye mmoja." Nimelisikia mara nyingi, barazani na hata mlangoni mwa kanisa baada ya Misa. Anayelisema hana ubaya wowote. Lakini neno hili lina hesabu ndani yake, nami niliyekaa chuoni miaka mingi nikiwaelekeza walimu namna ya kufundisha hesabu, naona hiyo haiko sawa.

Katika mtaa wetu wapo pacha ambao nitawaita Kulwa na Doto, kama wanavyoitwa pacha wengi nchini. Walizaliwa katika wiki ya 31, badala ya kutimiza 40. Kulwa alikuwa na kilo 1 na nusu, Doto alipungua zaidi. Usiku ule ule muuguzi mmoja Mkristo alimbatiza Doto pale wodini, kama Kanisa linavyoruhusu mtu asiye padre kufanya panapokuwa na hatari ya kifo. Doto hakufa. Ila baada ya wiki chache kichwa chake kilianza kukua upesi kuliko mwili, na utosi ukajaa. Mishipa ya damu katika ubongo wa mtoto asiyetimiza miezi ni dhaifu sana. Ikipasuka, damu yaweza kuziba njia za maji ya ubongo, na maji hayo yakikosa pa kutokea hukibana kichwa kutoka ndani. Akapelekwa Dar es Salaam kupasuliwa. Waliwekea mrija mwembamba chini ya ngozi, unaotoa maji kichwani na kuyashusha tumboni ambako mwili huyanywa.

Watu wengi walidhani habari imekwisha hapo. Kumbe mrija waweza kuziba au kuingia vijidudu wakati wowote. Mtoto akitapika bila sababu, akilala kupita kiasi, au homa ikipanda, hakuna kungoja kesho. Tena kuna siku za kupimwa kichwa, siku za kupimwa macho, siku za mazoezi ya viungo. Baba yao ni fundi baiskeli. Mbuzi wameuzwa wote, na sasa linazungumzwa shamba.

Ndipo mzee mmoja wa mtaa, mtu ninayemheshimu, akasema waziwazi lile ambalo wengine walilifumba katika maneno ya kufariji. Alisema, "Mungu amewapa wawili, na mmoja ni mzima. Fedha mnayomwaga njiani ni chakula cha huyu mzima, na kesho ni shule yake. Msije mkampoteza aliyepo kwa kumfuata anayekwenda." Baadhi ya akina mama walimkasirikia. Mimi sikumkasirikia, kwa kuwa nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo sisi wengine hatukuwa tumeitazama.

Kwanza nitazame ile nusu isiyo kweli. Pacha si akiba. Hakuzaliwa ili awe badala ya mwenzake. Zamani baadhi ya makabila yetu yaliogopa pacha, na mmoja aliweza kuachwa afe ili nyumba ipate amani. Twashukuru kwamba hayo yamepita, lakini tukisema "bado unaye mmoja" tunakaribia mlango ule ule, ingawa kwa sauti ya upole. Padre akibatiza pacha huuliza jina la kwanza, akabatiza, kisha huuliza jina la pili. Hamwagi maji mara moja kwa wawili. Mama akimpoteza Doto hatabakiwa na nusu ya watoto wake. Atakuwa amempoteza Doto mzima, na Kulwa hatamrudisha hata akikua awe Askofu.

Sasa nusu iliyo kweli. Tunapenda kusema kwamba upendo haugawanyiki, na ndivyo ulivyo. Lakini saa hugawanyika, maziwa hugawanyika, na nauli ndiyo kabisa. Mama aliyelala wiki nne Dar es Salaam na mtoto mmoja hakulala na yule mwingine. Kulwa alibaki kwa bibi yake, akaachishwa ziwa kabla ya wakati, akanyweshwa maziwa ya kopo. Mama aliporudi, Kulwa alimlia bibi, akakataa mikono ya mama yake. Watu walicheka. Sidhani lilikuwa jambo la kuchekwa.

Je, haki ni kuwagawia sawasawa? La. Mwalimu yeyote anajua kwamba mtoto asiyejua kusoma anahitaji dakika nyingi kuliko anayesoma. Lakini mwalimu huyo huyo anajua pia kwamba yule hodari akiachwa kila siku ajiendee mwenyewe, huharibika kimyakimya, na hakuna anayeona mpaka mtihani. Kulwa naye alizaliwa kabla ya wakati. Anahitaji dawa ya kuongeza damu, anahitaji kupimwa, na umri wake uhesabiwe tangu siku aliyotazamiwa kuzaliwa. Kwa kuwa halii sana, twamwita mzima. Uzima wake ni wa kulinganishwa na Doto tu.

Kitabu cha Mwanzo kinatueleza habari za pacha Esau na Yakobo, jinsi baba alivyompenda mmoja na mama akampenda mwingine. Zamani nilidhani kosa lao lilikuwa la moyo tu. Siku hizi naona laweza kuanza na ratiba. Mmoja huwa mtoto wa mama kwa sababu ya hospitali, mwingine huwa mtoto wa bibi kwa sababu ya maziwa, na baada ya miaka mitano hakuna anayekumbuka kwamba haikukusudiwa.

Na yule mchungaji aliyewaacha kondoo tisini na tisa kumtafuta mmoja? Wanafunzi wangu waliniuliza mara nyingi, "Wale waliobaki walilindwa na nani?" Ni swali zuri, wala si la ukaidi. Luka anasema waliachwa nyikani. Lakini soma mbele kidogo: mchungaji anaporudi anawaita rafiki na jirani wafurahi pamoja naye. Kumbe walikuwapo jirani! Mimi nathubutu kufikiri kwamba walioitwa kwenye furaha ndio waliopaswa kulinda zizi wakati yeye yuko porini.

Mwaka 1978 huko Bogotá, nchini Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wachanga wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Akawaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo tunayoiita leo huduma ya kangaruu. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Miongoni mwa waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika kila 100 ndani ya siku 28; miongoni mwa waliongojewa kwanza hali zao zitulie, walikufa karibu 16. Mama wa Kulwa na Doto aliwafunga wote wawili kifuani, na alipochoka baba alivua shati akampokea mmoja. Kifua cha fundi baiskeli kina joto kama cha mwingine yeyote. Jambo hili latuonyesha kwamba mahali mama mmoja anapopungukiwa, si lazima mtoto apungukiwe.

Kwa hiyo yule mzee aliuliza swali la haki, ila aliwauliza wasiohusika peke yao. Swali la nani akose, Kulwa au Doto, huwa gumu namna hii wanapoachiwa watu wawili kulijibu. Kama shamba litauzwa, liuzwe baada ya mtaa kuulizwa, si kabla.

Madaktari hawajasema kama Doto atatembea. Safari ijayo ni mwezi ujao, na mama yake ameomba jambo moja tu: mtu wa kufuatana naye, ili aende na watoto wote wawili. Mama mmoja wa Umoja amekubali kwenda. Nauli yake haijatimia. Mtunza hazina hukaa na daftari mlangoni kila Jumapili baada ya Misa.