Gari la Mtu na Jina la Kampuni

Yako mas'ala ambayo vijana wetu wa Kanyosha huyajadili jioni, wameegemea magari yao kando ya barabara iendayo Rumonge, nao huyajadili kama jambo la fedha tu, ilhali kwa hakika ni jambo la dini na la utu. Mas'ala yenyewe ni haya: mtu aliyelitengeneza gari lake upya kwa mali yake na jasho lake, je, yafaa aende kupiga hodi katika kampuni kuomba udhamini, apewe matairi na mafuta ya injini na pengine fedha taslimu, na badala yake abandike jina la kampuni hiyo ubavuni mwa gari na kuzunguka nalo mjini mchana na usiku? Wako wasemao kuwa hiyo ni riziki kama riziki nyingine, na aliyepewa na ashukuru. Wako pia, hasa miongoni mwa wazee wetu, waonao kuwa gari la kupambwa na fedha ya kulipambia yote ni upuuzi usiostahili hata kuulizwa. Nadhani pande zote mbili zimekata hukumu kabla ya kusikiliza kesi, na kwa kuwa nawapenda vijana hawa na kuwaheshimu wazee hawa, naomba ruhusa ya kuyatazama mas'ala haya kwa utulivu.

Asiyeujua mtaa wetu na ajue kwamba Kanyosha iko kusini mwa Bujumbura, jirani na Musaga na Kinindo, mahali ambapo mto wenye jina hilo hilo hushuka kutoka milimani kwenda Ziwa Tanganyika. Magari yetu mengi hutoka Ujapani yakiwa yamekwisha kutumika, yakashushwa katika bandari ya Dar es Salaam na kuletwa kwa njia ya nchi kavu, na mengi kati ya hayo yana usukani wa kulia ingawa sisi huku huendesha upande wa kulia wa barabara. Gari la namna hiyo, Corolla kuukuu au Probox iliyochoka kubeba mizigo, ndilo kijana alinunualo kwa akiba ya miaka, akalipeleka Buyenzi kwa mafundi mashuhuri wa mji huu, na huko likavuliwa na kuvikwa upya: rimu pana, springi fupi, bomba la moshi lenye sauti nzito, taa mpya, rangi isiyopata kuonekana mtaani, na spika zisikikazo kabla gari halijatokea. Mwenye macho atakiri kuwa kazi hiyo ina ufundi na ina uzuri, na uzuri wa kazi ya mikono ni miongoni mwa neema ambazo Mola amewajaalia wanadamu. Walakini kazi hiyo hula fedha bila kushiba, na hapo ndipo kijana anapokaa chini kuiandikia kampuni barua, akaambatisha na picha za gari lake.

Ama hao wadhaniao kuwa jambo hili ni jipya, na wafunue vitabu. Imepokewa kwa Abdallah bin Umar, katika Sahihi ya Bukhari, ya kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha farasi wa Madina, akawagawa mafungu mawili: wale waliokwisha kufanyiwa tadhmiri walikimbia kutoka Hafya hata Thaniyatul-Wadaa, kadiri ya maili tano au sita, na wale wasiofanyiwa walikimbia kutoka hapo Thaniya hata msikiti wa Bani Zuraiq, kadiri ya maili moja, na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tadhmiri hiyo ilikuwa ni kumlisha farasi hata anenepe, kisha kumpunguzia chakula na kumfunika nguo ndani ya banda ili atoke jasho, nyama yake ikaze na mbio zake zizidi. Basi huyo alikuwa mnyama aliyeongezewa nguvu kwa ufundi wa mwanadamu, naye akapewa safu yake na masafa yake, pasina kulaumiwa mwenyewe wala fundi wake.

Wala mafakihi hawakuishia kwenye mbio, bali walizungumza pia juu ya mali itolewayo katika mbio. Imamu Nawawi, ambaye sisi tufuatao madhehebu ya Shafii humtegemea sana, aliliwekea jambo hili mlango wake katika kitabu chake Minhaji. Na hukumu mashuhuri ni kwamba washindani wawili wakiweka mali kila mmoja ili mshindi achukue yote, hiyo yaingia katika kamari, illa akitiwa kati yao wa tatu asiyeweka kitu. Lakini mali ikitoka kwa mtu aliye nje ya mashindano, awe mtawala au raia, basi ni halali. Mafakihi hao walikuwa wakizungumza juu ya farasi, ngamia na mishale, na sidai kuwa maneno yao yaligusa kila chombo kitakachozuliwa hata kiama; ila yatosha kutuonyesha kwamba mali ya mtu wa nje kuingia katika mchezo wa wengine si haramu kwa asili yake. Kwa hiyo wazee wetu wasiufunge mlango ambao wanavyuoni waliuacha wazi.

Baada ya hayo yafaa tuulize kampuni hutafuta nini inapotoa mali yake, maana kampuni haitoi sadaka, wala haidai kuwa yatoa. Katika mashindano makuu ya dunia ya magari, kwa miaka mingi magari yalipakwa rangi za mataifa, kijani ya Uingereza, nyekundu ya Italia, buluu ya Ufaransa. Tarehe 1 Januari 1968, huko Kyalami, Afrika Kusini, waendeshaji wawili wa Rhodesia, John Love na Sam Tingle, waliingia uwanjani na magari yaliyopakwa rangi za sigara za Gunston. Miezi michache baadaye Lotus ya Uingereza ikafuata kwa sigara za Gold Leaf. Tangu hapo moshi wa tumbaku ulipanda juu ya magari ya mbio na kukaa humo miongo kadhaa, hata sheria ya Umoja wa Ulaya ikaja kuukataza mwaka 2005. Waendeshaji wale hawakuwa na haja ya kusema neno hata moja kuisifu sigara, kwa sababu magari yao yaliyasema maneno hayo katika kila shindano mbele ya watoto wa mataifa mengi, nao watoto waliyaamini kwa kuwa waliwapenda waendeshaji.

Na hapa ndipo ulipo moyo wa mas'ala yetu. Nenda Buyenzi umtazame fundi wa stika akifanya kazi: huupulizia mlango wa gari maji ya sabuni, akailaza karatasi ya plastiki yenye herufi, kisha akaisukuma kwa kipande kigumu cha plastiki kutoka katikati kwenda pembeni, hata kila tone la maji na kila pumzi ya hewa imetoka chini yake, na herufi zikashikamana na bati kana kwamba zilizaliwa nalo. Gari likirudi Kanyosha, watoto hulikimbilia na kusoma herufi zile kwa sauti. Wao wamekwisha kupita mbele ya mabango makubwa ya kampuni hiyo hiyo bila kuyasoma, ila hili wanalisoma, kwa sababu wamjua mwenye gari, huyo aliyembeba mama yao hospitali usiku wa mvua, huyo ambaye wao hutaka kufanana naye watakapokuwa wakubwa. Kampuni yajua hayo vizuri kuliko kijana mwenyewe. Bango halina majirani, wala halina mtu wa kulisalimu asubuhi. Kijana anao, na imani ya majirani hao ndiyo bidhaa anayoiuza pale anapodhani anaukodisha mlango wa gari.

Imani hiyo ni amana. Bati ni lake, rangi ni yake, jasho ni lake, lakini kule kuaminiwa kulitoka kwa watu, nao walimpa bila kumwandikia hati. Basi kila abandikaye jina la kampuni garini mwake ametoa ushahidi mbele ya mtaa mzima, na ushahidi katika dini yetu, na katika dini ya majirani zetu Wakristo kadhalika, ni jambo zito ambalo mtu ataulizwa kwalo. Kipimo chake ni chepesi kukisema na kigumu kukifuata: kama kitu hicho ungemshauri mama yako akinunue pasipo kulipwa hata faranga moja, chukua udhamini wake na Mungu akubariki, na kama usingemshauri, basi ukichukua fedha umeuza ushahidi wa uongo, hata kama mkataba umepigwa mihuri yote ya mji.

Kwa kipimo hicho maswali mengine hujijibu. Muuza matairi ambaye matairi yake umeyatembelea na hayakukuhini, mshuhudie. Benki au kampuni ya simu, tazama kwanza masharti yanayowapata wanyonge, kisha uamue. Ama bia, ambayo hapa kwetu imezoeleka hata ligi kuu ya mpira ikaitwa kwa jina la Primus, Mwislamu hana ruhusa, kwani miongoni mwa waliolaaniwa kwa ajili ya ulevi yumo pia aubebaye, nami sioni tofauti kubwa baina ya kulibeba kreti na kulibeba jina.

Najua kijana atanijibu, na jibu lake lina haki ya kusikilizwa. Atasema: wewe wazungumza hayo umeshiba; mtoto wa tajiri ana baba wa kumdhamini, na mimi sina mlango mwingine ila huo wa kampuni; nikichagua sana nitabaki na Corolla yangu juu ya matofali. Maneno hayo ni kweli, na umaskini haufai kuhubiriwa na asiyeuonja. Walakini nitamkumbusha Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, ambaye mwaka 1965 aliishinda Safari Rally pamoja na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika mikononi mwa wengine, kisha akaishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi. Ushindi wa kwanza ulitoka katika gari kuukuu na katika kuijua kazi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na gari lililotengenezwa kwa ustadi na kuendeshwa kwa adabu huandika barua ya kuomba udhamini vizuri kuliko karatasi yoyote.

Lipo pia swali la nia. Mtume ametufundisha ya kuwa farasi ni wa watu watatu: kwa mmoja ni thawabu, kwa mmoja ni sitara, na kwa mmoja ni mzigo, na huyo wa mwisho ni yule aliyemfuga kwa fahari na kujionyesha. Gari nalo ni hivyo hivyo. Gazali, katika Ihyaa, alikitenga kitabu kizima kushutumu mapenzi ya jaha na riya, kwa kuwa aliuona ugonjwa huo ukiingia hata katika sala, sembuse katika rimu na spika. Tena hapa kwetu, ambapo miaka ya karibuni watu wamelala vituoni wakingoja petroli, na mgonjwa akakosa gari la kumfikisha kwa daktari, kuichoma petroli ili bomba la moshi lisikike Kanyosha nzima ni israfu ambayo fedha za kampuni haziisafishi. Wala mdhamini hana mamlaka ya kuhalalisha springi zilizokatwa ovyo katika gari lishukalo vilima vyetu likiwa na abiria ndani yake, kwa sababu roho za watu hazimo katika mkataba wake.

Na mkataba wenyewe uandikwe. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika Sura ya Bakara, yahusu kuandikiana na kushuhudiziana katika madeni, na hiyo peke yake yatosha kutujulisha jinsi Mwenyezi Mungu alivyochukia watu kudhulumiana kwa maneno yaliyosemwa hewani. Iandikwe kampuni yatoa nini na lini, jina litakaa garini muda gani, nani atalipia rangi likibanduliwa, na nini kitakuwa gari likipata ajali au likiuzwa. Kijana asione haya kuuliza hayo, wala asitie saini karatasi ya lugha asiyoielewa mpaka amtafute wa kumsomea.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba udhamini ni halali kwa anayeushuhudia ukweli, na ni haramu kwa anayeuza imani ya jirani zake kwa kitu asichokiamini mwenyewe. Nawasihi wazee waache kuwabeza vijana hawa, wakae nao na kuwasomea mikataba yao. Nanyi vijana wa Kanyosha, kabla fundi hajaulowesha mlango wa gari kwa maji ya sabuni, nawaomba mjiulize kama mko tayari kusimama mbele ya mama zenu, na mbele ya Mola wenu, mkalisoma jina lile kwa sauti na kusema: hili nalishuhudia.