Mganga Hajigangi: Uzee wa Mwuguzi



Mama mmoja, mwuguzi katika hospitali ya misioni huku kwetu Kivu, ameuguza wagonjwa miaka 33. Mwaka kesho atatimiza miaka 60, naye ataacha kazi. Anakaa katika nyumba ya hospitali, na siku hiyo atairudisha. Nilimwuliza kama amejitayarisha. Akajibu: «Mimi nimemtumikia Mungu katika wagonjwa wake. Kuweka akiba ni kumtilia Mungu mashaka.»

Jibu hilo ni tamu masikioni. Lakini je, ni la kweli?

Bwana Yesu alitukataza kusumbukia kesho. Hakutukataza kujitayarisha. Yosefu kule Misri aliweka nafaka miaka saba ya shibe, wala hakuna anayesema alikosa imani. Kwa akiba ile waliokoka Wamisri, na ndugu zake pia. Na mama yetu mwenyewe, kila siku huwaambia wanawake wenye mimba: «Tayarisheni nguo za mtoto, msingoje uchungu uwashike njiani.» Ikiwa shauri hilo ni jema kwa anayezaa, mbona liwe baya kwa anayezeeka?

Kuna jambo kubwa zaidi. Mwuguzi asiyejitayarisha hajiumizi peke yake. Tumfikiri mwuguzi aliyeacha kazi bila kitu. Usiku jirani anapiga hodi, mtoto ana homa. Mara ya kwanza anatoa shauri. Mara ya pili anatoa kidonge. Mara ya tatu anachoma sindano na kutaja bei. Mwishowe mtoto aliyepungukiwa damu kwa malaria, aliyepaswa kupelekwa hospitali upesi, analala siku mbili kwa mwuguzi, kwa maana akiondoka, chakula cha jioni kinaondoka naye. Mwuguzi huyo si mtu mbaya. Ni njaa inayosema kinywani mwake. Na mwingine anaficha miaka yake ili asiache kazi, hata macho yake hayasomi tena vizuri alama za sindano. Basi kujiwekea akiba ni kuwapenda wagonjwa: ni kuilinda huruma isije ikauzwa.

Tufanye nini? Katika Kongo sanduku la kuwatunza wafanyakazi wazee liliwekwa mwaka 1961, nalo liliitwa INSS. Baada ya sheria ya mwaka 2016 likawa CNSS. Kwa ajili ya pensheni, mfanyakazi hukatwa franka 5 katika kila franka 100 za mshahara, na mwenye kumwajiri huongeza 5. Wauguzi wa Serikali wana sanduku lao lingine. Mwuguzi aulize angali na nguvu: Jina langu limeandikwa? Michango yangu inafika kila mwezi? Atunze karatasi zake zote za mshahara. Na kwa kuwa pensheni yaweza kuwa ndogo ao kukawia, atafute mapema kiwanja, shamba, hata nyumba ya mbao. Akiba haiozi.

Lakini tusimwachie mzigo wote. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, alifundisha kwamba mfanyakazi ana haki ya pensheni na ya bima ya uzee. Neno hilo latuhusu sisi wa misioni na wa parokia pia. Tukimsifu mwuguzi kanisani siku ya sikukuu, na michango yake hatukuilipa, tumempa maneno mahali pa haki yake.

Na baada ya kazi? Aliye na chakula chake anaweza kumwambia jirani ukweli: «Ugonjwa huu si wa nyumbani, twende hospitali,» akamsindikiza bila kudai kitu. Anaweza kukaa na mtu anayekufa, kitu ambacho zamani hakupata nafasi ya kukifanya. Na siku yake ikifika, akubali kuoshwa na kulishwa na mikono ya wengine. Mganga hajigangi; hilo nalo si aibu.

Mama yule hajanijibu bado. Lakini juma lililopita alifungua sanduku lake la nguo, akaanza kuzipanga karatasi zake za mshahara, mwaka kwa mwaka.